Nilivyoifuata Doha Saa ya Mzee

Mimi si mtu wa safari, na wanaonijua hapa Korogwe watakubali bila kuapishwa. Nikienda Tanga kununua karatasi za fotokopi za dukani kwangu, narudi siku ileile, na mke wangu Mwanahamisi hupenda kusema kwamba hata jeneza langu litabidi lisukumwe ndiyo litoke getini. Kwa hiyo mkisikia kwamba nimepanda ndege, nimekaa Doha siku saba na nimerudi, msidhani nimebadilika tabia. Nilifuata saa.

Ugonjwa wangu wengi mnaujua. Nakusanya saa za mkono za zamani, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya magari. Wenyewe tunaziita kronografu. Kila moja ina vifungo viwili pembeni, kimoja cha kuukimbiza na kuusimamisha mshale wa sekunde na kimoja cha kuurudisha mwanzo. Ndani ya uso ina visahani vidogo vya dakika. Na ukingoni ina namba za kupimia mwendo. Unabonyeza gari likipita jiwe la kilomita, unabonyeza tena likipita jiwe la pili, mshale unakuonyesha lilikuwa linakwenda kasi gani. Ninazo saba. Nne hazitembei, mbili hutembea zikijisikia, na gari sina. Mwendo wangu mwenyewe kutoka dukani hadi nyumbani hauwezi kusomeka kwenye saa yoyote kati ya hizo.

Ya saba ndiyo ya mzee wetu, baba mzazi. Mzee alikuwa fundi wa magari, na enzi zile mashindano yalipokuwa yakipita milimani kwetu, yeye ndiye aliyesimama kwenye kituo cha ukaguzi juu ya Mombo akiandika gari limeingia saa ngapi na limetoka saa ngapi. Saa alipewa na dereva mmoja wa Tanga aliyepindua gari mara mbili kwa msimu mmoja, akaapa hatashindana tena hata na baiskeli. Uso wake ulikuwa mweusi, lakini jua la miaka liliugeuza ukawa rangi ya kahawa. Siku moja gereji kioo kilipasuka, tone la oili ya breki likaingia, likaacha doa chini ya namba nne, umbo la korosho. Mzee hakulishughulikia. Alibadilisha kioo akaendelea na kazi.

Mwishoni macho yake yalikwisha. Nilimuuguza miaka mitatu, na kila alipotaka kujua saa alininyooshea mkono nami nikamsomea. Uso ule nimeusoma kuliko kitabu chochote, ingawa ushindani wenyewe si mkubwa, niliishia kidato cha nne. Alipofariki, saa iliendelea kutembea mwaka mzima, halafu ikasimama asubuhi moja bila sababu yoyote ya kishairi. Ilichoka tu.

Mdogo wangu Idi ni dereva wa familia moja huko Muaither, pembeni mwa Doha. Msiba ulimkuta hukohuko na ruhusa hakupata. Alipokuja likizo baadaye, akaikuta saa iko kimya, akaniomba aende nayo kwa fundi anayemjua huko Doha. Nilimkubalia, nikamwandikia na karatasi, kwa sababu sisi wakusanyaji tuna sheria yetu: saa ya zamani haisuguliwi, haipakwi rangi, na uso wake haubadilishwi. Ukiubadilisha, umebaki na saa nyingine iliyovaa jina la ile ya kwanza. Niliandika: mashine tu. Uso usiguswe. Bodi ya chuma isisuguliwe. Nikarudia na kwa mdomo wakati anafunga begi, "Idi, mengine usijisumbue. Mashine inatosha."

Ikapita miezi. Mwaka huu akapiga simu. "Kaka, iko tayari. Lakini simpi mtu ailete. Njoo mwenyewe uichukue, nataka nikuone ukiifungua." Tiketi alinunua yeye, viza ya matembezi alihangaikia yeye. Nilitafuta kisingizio wiki nzima, hata homa haikunijia.

Jumatatu asubuhi niliondoka Korogwe. Mwanahamisi alinisindikiza stendi akanipa nasaha ya ndoa nzima.

"Ukifika kwa watu, usianze habari za saa mpaka wakuulize."

"Na wasiponiuliza?"

"Basi furahi, ujue wamestaarabika."

Jumanne, juu angani. Ya ndege nisiyaeleze sana, maana macho niliyafumba. Jirani yangu, binti wa Singida anayefanya kazi za ndani Doha, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nasali. Akasema, "Endelea mzee wangu, utuombee na sisi."

Saa saba mchana, Doha. Milango ya uwanja wa ndege ilipofunguka nilikutana na joto ambalo halikupigi, linakukumbatia kama shangazi mnene aliyekukosa miaka kumi, na halikuachii. Idi alinikumbatia ndani ya joto hilohilo. Amenenepa kidogo, ana ndevu fupi za kupangwa, na gari la bosi wake lina ubaridi wa kuhifadhia samaki. Njiani alinitazama kila taa nyekundu. "Kaka! Umepanda ndege! Wewe!" Alirudia mpaka nikaanza kujisikia kama mwanaanga.

Chumba cha Idi kiko ndani ya ua wa bosi, wageni hawaruhusiwi, kwa hiyo nilifikia Al Mansoura kwa rafiki yake Faki, Mpemba, mpishi wa hoteli, mtu wa maneno mengi na vitanda vichache. Nilipoingia nikakuta biriani kwenye sinia, Watanzania sita wamekaa chini, wote wananitazama mikono yangu. Nikaelewa kwamba shughuli ni yangu.

"Kula kwanza au kufungua kwanza?" Faki akauliza. "Maana huyu Idi katunyima raha mwezi mzima. Kila siku saa, saa, saa. Nikamwambia mwana we, hii saa ina mahari?"

"Afungue kwanza," Idi akasema, na akanipa kikasha cha bluu kwa mikono miwili, namna tunavyowapa wakubwa.

Nikafungua.

Ilikuwa nyeusi. Nyeusi ti, kama imetoka kiwandani jana. Namba nyeupe, mshale wa sekunde mwekundu wa kupiga kelele, bodi imesuguliwa mpaka ungeweza kuchania nywele ndani yake. Pembe zake, zile zilizokuwa kali na zenye mikwaruzo ya spana za gereji, zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika nusu. Chini ya namba nne hapakuwa na kitu. Ilikuwa inatembea, inatembea vizuri mno, tiki tiki tiki, na nilihisi kama nimefunguliwa sanda nikakuta mtu mwingine.

"Kashikwa na bumbuwazi mwenyewe!" Faki akapiga kofi. "Mpigeni picha!"

Wakanipiga picha. Picha hiyo ninayo. Nimetabasamu kama mtu anayeng'olewa jino na daktari anayemheshimu.

"Imependeza," nikasema. "Imependeza sana, Idi."

Idi akachuchumaa mbele yangu. "Karatasi yako niliisoma kaka, nikacheka peke yangu. Nikasema huyu kaka ananihurumia. Si ndiye yeye? Hata chakula ukimkaribisha atasema ameshiba, mpaka umlazimishe mara tatu. Eti mashine inatosha! Nikamwambia fundi asiache kitu."

Hapo ndipo nilipoona kosa lilipoingia, na sikuweza hata kumkasirikia. Kwetu mtu hakubali jambo jema mara ya kwanza. Unaambiwa usijisumbue, na ukikaa kweli bila kujisumbua, wewe ndiye huna adabu. Mimi mwenyewe nimemlea Idi hivyo. Nilimfundisha kwamba akienda kwa watu wakikataa zawadi, aiache mlangoni. Sasa alikuwa ameniachia mlangoni.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," akaendelea, sauti imeshuka. "Nilikuwa mdogo, mzee ananibeba mabegani, amenishika mguu, naiona hapa chini inang'aa. Wewe unamkumbuka alivyokuwa mwisho. Mimi mwisho sikuuona. Basi nikasema angalau hili nilifanye mimi."

Biriani lilikuwa zuri, wanasema.

Jumatano Idi aliomba ruhusa ya nusu siku, akanitembeza. Tulipanda treni isiyo na dereva; nilikwenda kukaa behewa la mwisho, ili ikigonga kitu nipate kuhadithiwa na waliotangulia. Tulitembea kando ya bahari, tukaona majengo yaliyokatwa umbo la kila namna isipokuwa la nyumba. Aliniingiza na kwenye duka kubwa la bidhaa, tukapita madirisha ya saa, kila dirisha lina mlinzi wake mwenye suti nzuri kuliko ya harusi yangu. Idi akaninyanyua mkono kuulinganisha na dirisha. "Unaona? Ya mzee haina wasiwasi hapa." Nikasema haina. Kila alipoutazama mkono wangu nilihakikisha uso wangu uko mahali pake.

Nilikuwa na tumaini moja tu, na tumaini hilo ni la kitaalamu. Fundi akibadilisha uso wa saa, ule wa zamani hautupi ovyo. Mara nyingi huuweka kwenye kopo. Uso wa kwanza ukipatikana, saa inaweza kuvishwa tena hata baada ya miaka. Pembe zilizosuguliwa hazirudi, lakini uso unarudi. Niliuliza kiujanja duka la fundi liko wapi, na Idi, maskini, alifurahi kwamba nataka kwenda kumshukuru.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilitoka peke yangu. Kwa mtu wa kawaida ni mwendo wa dakika kumi. Mimi nilitumia hamsini, nikizunguka vichochoro vya Al Mansoura vyenye majengo yanayofanana kama mapacha, nikikimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Nilimkuta fundi, Mhindi wa makamo mwenye kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, ndani ya kibanda chini ya ngazi, kati ya kinyozi na muuza laini za simu.

Kiingereza changu cha kidato cha nne na cha kwake cha dukani vilikutana katikati. Nikamwonyesha saa, nikamsifu, nikamwambia sasa naomba ule uso wake wa zamani.

Akanishangaa. "Ule mbovu? Una doa."

"Huohuo."

Akatoa kopo la maziwa ya unga, akalimwaga kwenye kitambaa. Zilitoka nyuso za saa kama mia, nyeupe, bluu, za dhahabu, zilizopasuka, moja imeandikwa jina la kampuni ya mbolea. Nilizipekua moja moja kwa ncha ya kidole. Yangu haikuwemo. Fundi akajigonga paji. Akakumbuka: kuna Mkenya, askari wa ulinzi anayekaa Abu Hamour, hupita kila mwisho wa mwezi kuchagua nyuso kuukuu. Ule aliuona tu akauchukua. Fundi alikuwa anacheka. "Alifurahi kuliko ndugu yako!"

Nilipata namba ya simu. Mkenya anaitwa Wafula. Nilipomwambia kwamba nakusanya kronografu, sauti yake ilibadilika kama mtu aliyesikia kabila lake. "Buda, kuja kesho. Kesho niko off."

Ijumaa, baada ya swala, nikapanda teksi hadi Abu Hamour. Idi sikumwambia. Nilimwambia Faki tu, kwa sababu mtu lazima ajue maiti itafutwe wapi.

Wafula ni mrefu, mweusi, mpole, amesimama hata akiwa amekaa, ile tabia ya watu wanaolinda milango saa kumi na mbili kwa siku. Anakaa chumba kimoja na wenzake watatu waliokuwa kazini. Alinikaribisha kitandani, akanipa soda, kisha akavuta kutoka uvunguni trei ya mayai iliyolalishwa vipande vya soksi. Kila shimo na saa yake. Za mashindano zote. Nilisahau joto, nilisahau Idi, nilisahau kilichonileta. Tulikaa kama watoto wa chekechea na gololi. Alinieleza kwamba mtu anayesimama zamu nzima bila jambo lolote kutokea huanza kupenda kitu kinachokata sekunde vipande vipande, kwa maana huko ndani angalau kuna mbio.

"Sasa hii," akasema, "ndiyo mfalme," na akakunja mkono wa shati.

Nikaiona.

Bodi ilikuwa ngeni kwangu. Uso ulikuwa ule. Kahawa ileile, visahani vilevile vimefifia, na chini ya namba nne, korosho. Saa ilikuwa inasema nane na dakika ishirini, na nilishika ulimi nisiisome kwa sauti, namna nilivyozoea.

"Miaka sita natafuta uso ya hii," Wafula akasema. "Yangu ilikuja imerudiwa rangi, takataka kabisa. Nikapata hii kwa yule fundi. Unaona hii doa? Watu wanasema ni uchafu. Mimi huangalia nikasema, hapana, huyu mzee alikuwa anatengeneza gari. Hii ni oil. Alikuwa anafanya kazi na saa iko kwa mkono."

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia hivyo; nilikuwa nimekuja na maneno ya biashara, kubadilishana, kumwachia mbili kati ya saba zangu. Badala yake nikamwambia habari ya gereji, na kioo, na macho ya mzee, na miaka mitatu ya kusoma saa. Nikamwonyesha ile ya kwangu inayong'aa. Hakuhitaji kuelezwa. Aliishika kidogo tu akanirudishia, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda.

"Nani alifanya hii?"

"Mdogo wangu. Kwa mapenzi."

"Ai, pole buda." Halafu akasema jambo la kweli, ambalo sikulitaka. "Lakini unajua hizi zote kwa trei, kila moja ilikuwa ya baba ya mtu."

Nilijua. Ninayo saa niliyoinunua kwa mjane mmoja wa Muheza. Niling'oa vifungo vyake nikavipachika kwenye nyingine iliyokuwa nzuri zaidi, na yule mama alipokuja mwaka uliofuata kuomba aishike kidogo, nilimwambia imeharibika. Sikumwambia Wafula hayo. Nadhani aliyaona, wakusanyaji tunajuana.

Alitazama mkono wake muda mrefu. Kisha, polepole, vidole vyake vikaenda kwenye mkanda, vikaanza kuufungua.

Mlango ukagongwa, na Idi akaingia. Faki alikuwa amempigia: kaka yako kaenda Abu Hamour peke yake kwa mtu asiyemjua, huyu asiyejua hata kuvuka barabara. Alikuwa anahema, kola imelowa. "Kaka! Ungenipigia mimi! Hivi ungepotea ningemwambia nini shemeji?" Akamsalimu Wafula, akaona trei, akacheka. "Kumbe umepata mgonjwa mwenzako."

Mkanda wa Wafula ulikuwa umeshafunguka. Saa ililala kiganjani mwake, uso juu. Idi akainama akaitazama, hasa, kwa dakika nzima labda, uso uliokaa kwenye mkono ule uliowahi kumshika mguu.

"Hii imechoka," akasema kwa upole, asimuudhi mwenyewe. "Ina doa hapa. Kaka Wafula, fundi wetu anazirudisha hizi mpya kabisa. Hebu muonyeshe ya mzee, kaka."

Wafula hakumtazama Idi. Alinitazama mimi, kiganja bado kimefunguka. Sentensi moja tu ilitakiwa. Ningesema, "Idi, huo ndio uso wa mzee," na saa ingekuwa yangu. Na mdogo wangu angejua, mbele ya mgeni, kwamba alichokifanya badala ya maziko aliyoyakosa ndicho kilichomfukia mzee mara ya pili.

Nikanyoosha mkono, nikamwonyesha ile inayong'aa.

"Safi," Wafula akasema. Akaifunga yake mkononi.

Jumapili nilimpigia simu nikiwa nimejifungia bafuni kwa Faki, maji yakimwagika nisisikike. Nilimwomba uso tu, nikauweke kwenye boksi nyumbani, asiuone mtu.

"Ijumaa ungesema, ningekupa," akasema. "Nilikuwa nimeshatoa. Lakini sasa nimelala nayo siku mbili nikijua ni ya nani. Sasa ndio siwezi kabisa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Idi akanipeleka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeamua jambo usiku, na nililiona ni jema. Gari liliposimama mlangoni nikaivua saa, nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Kaa nayo wewe. Mimi nilikuwa na mzee mpaka mwisho, nimeshiba. Wewe ndiye hukuwahi kumzika. Hii ni ya kwako."

Nilitegemea atakataa mara ya kwanza, kama tulivyolelewa, kisha mara ya pili, kisha atakubali kwa machozi, nami nipande ndege nikiwa mtu mkubwa. Hakukataa hata mara moja. Aliitazama tu pale kiganjani.

"Kwa hiyo haikukupendeza," akasema.

"Imependeza, Idi. Nimekwambia..."

"Ijumaa kwa yule Mkenya uliitazama saa yake kama mtu anayetazama kwao. Nikakaa nikajiuliza, mbona hii yangu hajaitazama hivyo hata siku moja?" Akaigeuza kiganjani. "Nikajibu mwenyewe, labda ni uchovu wa safari."

Nilifungua mdomo. Ilikuwa nafasi ya pili na niliijua kuwa ni ya pili. Lakini sasa ukweli ulikuwa mbaya zaidi ya uongo, na nilipokuwa bado naupima, mlinzi wa barabara akapuliza filimbi na kuonyesha kwamba gari liondoke. Idi akaishika saa kwa vidole viwili, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati, akashuka kunitolea begi. Tulikumbatiana. Niliisikia kwenye kifua changu, kati yetu, inatembea.

Korogwe, Jumanne jioni. Watu walikuja kunipokea, wakataka habari za maghorofa, nikawapa maghorofa. Waliouliza nimejifunza nini niliwajibu mzaha. Hapa kwenye karatasi nitasema. Nimejifunza kwamba saa iliyochezewa naigundua hata kwa picha ya simu, pembe moja ikilainika naiona; lakini mtoto niliyemlea mwenyewe alinitazama siku saba kila taa nyekundu, akijua kuna kitu, nami nilidhani ninamficha. Nimejifunza kwamba nilikuwa nikilinda doa la oili kuliko nilivyomlinda mtu. Sijajifunza la kufanya. Tangu nirudi Idi huleta salamu fupi, "Tuko salama kaka," na nikipiga yuko barabarani.

Mwanahamisi alisubiri wageni waishe, akaniangalia mkono mtupu.

"Saa iko wapi? Si ndiyo uliyoifuata?"

"Nimemwachia Idi."

Akashangaa, kisha uso wake ukalainika kuliko nilivyouona miaka mingi. "Umefanya la maana," akasema. "Angalau itakuwa inavaliwa."

Sikumwambia kwamba niliiona ikiingia mfukoni.